Hivi opera ya Wazungu wa zamani si ndo picha la Kihindi lenyewe?

FundiMwanjelwa

Wakuu habari za baridi. Nina jambo limenikaa kichwani wiki nzima, naomba msinicheke.

Mi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi yangu kubwa ni majoho ya kwaya. Sasa mwalimu mmoja wa kwaya alikuja kupima, vijana wake wanaandaa ile Haleluya ya Handel tunayoimbiwa kila Pasaka, tukawa tunapiga stori akaniambia huyo Handel kabla ya hiyo Haleluya alikuwa mtu wa opera, yaani michezo ya jukwaani ya kuimba, kaandika zaidi ya 40, akaniachia flashi niangalie moja kwenye tivi ya dukani. Inaitwa Giulio Cesare, ilionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1724. Wanaimba Kiitaliano mwanzo mwisho, maandishi ya chini ni Kiingereza, na Kiingereza changu mi kinaishia kwenye lebo za vitambaa.

Mama yangu alikuwepo anashona pindo kwa mkono. Mama ni mgonjwa wa picha za Kihindi tangu enzi za deki, hajui Kihindi hata neno moja lakini atakwambia huyu anampenda huyu na yule mjomba ni mbaya. Basi ikaanza. Kaisari kafika Misri, anaimba, mara analetewa zawadi, kufunua ni kichwa cha adui yake Pompey kimekatwa, mfalme wa Misri ndo kamuua ili kujipendekeza. Mke wa Pompey anazimia. Mtoto wake wa kiume anasimama katikati anaimba kwa hasira. Mama hata hakunyanyua macho vizuri akasema "huyo mtoto atalipa kisasi cha baba yake mwishoni." Na kweli, mwisho anamuua yule mfalme kwa upanga!

Haijaishia hapo. Kleopatra anajifanya mtumishi wa kike ili akamwone Kaisari, anajiita jina lingine. Alafu anamwandalia shoo kabisa, muziki unapigwa jukwaani, mabinti wamekaa juu ya kilima yeye yupo katikati anaimba taratibu, Kaisari macho yamemtoka. Baadaye Kaisari anavamiwa anajirusha baharini, watu wote wanajua kafa, dakika kadhaa mbele huyo hapo ufukweni kalowana anaimba. Mama akasema "stelingi hafi." Mwisho maadui wamekwisha, wapenzi wawili wanaimba pamoja, watu wote wanajipanga mbele. Saa tatu na kitu zimeisha, majoho hayajashonwa.

Mama alipokata uzi akasema: "Hili picha la Kihindi hili, sema hawana miti ya kuzungukia."

Sasa swali langu, hawa watu waliigana? Au ni mimi na mama tu tumezoea Wahindi tunawaona kila mahali? Na kingine, kwa nini Kaisari jemadari mzima ana sauti nyembamba kama ya mama? Binti ninayemfundisha kushona alicheka mpaka sindano ikakatika.

---

MwalimuSauti_Ipogolo

Kamwene dada fundi, salamu kutoka Iringa. Mi nafundisha kwaya na kinanda kidogo kwa hiyo nianze na hilo la sauti maana ni fupi. Stelingi wa opera za wakati ule alikuwa ni mwanaume aliyehasiwa akiwa mtoto ili sauti isivunjike, wanaitwa kastrati. Wa kwanza kumwimba huyo Kaisari wako aliitwa Senesino. Mwingine maarufu kuliko wote ni Farinelli, huyo alikuwa anagombaniwa Ulaya nzima. Kwa watu wa wakati ule sauti ya juu ndo ilikuwa ya kishujaa, ya watu wakubwa na miungu, besi walipewa wazee na watu wabaya. Leo hawapo (Mungu ashukuriwe) kwa hiyo sehemu zao wanaimba akina mama au wanaume waliojifunza kuimba kwa sauti ya juu. Uliyemwona wewe ni mmoja wa hao.

Sasa hilo la kuigana. Mi nasema mama yako kaona vizuri sana, ila tuliangalie taratibu.

Opera ilianzia Florence, Italia, kwenye majumba ya wakubwa. Ya zamani kabisa ambayo muziki wake tunao mzima ni Euridice ya Jacopo Peri, mwaka 1600, iliandaliwa kwa ajili ya harusi ya Maria de' Medici na mfalme wa Ufaransa, Henri wa 4 (bwana harusi mwenyewe hakuwepo, aliwakilishwa, haya mambo ya wakubwa). Hadithi ni ya Orpheus, mwanamuziki aliyefiwa na mkewe akamfuata mpaka kuzimu akamwimbia mwenye kuzimu mpaka akarudishiwa. Kwenye hadithi ya Wagiriki anapewa sharti asigeuke nyuma, anageuka, mke anapotea moja kwa moja. Lakini hii ni harusi bwana, utamwuaje bibi arusi mbele ya bibi arusi! Basi sharti lenyewe wakalitoa, mke anarudi, watu wanacheza. Miaka saba baadaye Monteverdi akaitengeneza hadithi hiyohiyo kule Mantua. Kitabu cha maneno cha 1607 kinaishia na wanawake wenye hasira wanamtafuta Orpheus, ila muziki ulipochapwa 1609 mwisho umebadilika, baba yake Apollo anashuka kutoka juu anamchukua mbinguni.

Sasa nambie hujawahi kusikia mambo kama haya Bombay, kule wanakotengeneza picha za Kihindi. Sholay ya 1975, Thakur aliyekatwa mikono ilikuwa amuue yule jambazi Gabbar kwa miguu yake, na ilipigwa hivyo, bodi ya ukaguzi ikakataa, ikabidi polisi watokee dakika ya mwisho. Na Coolie ya 1983, stelingi alikuwa afe, ila Amitabh mwenyewe aliumia vibaya wakati wanapiga picha 1982 nchi nzima ikawa inamwombea, wakabadilisha akabaki hai. Mwisho wa hadithi hauamuliwi na hadithi, unaamuliwa na aliyekaa kwenye kiti. Hapo ndo mimi naona undugu mkubwa kuliko hata nyimbo.

Na kuhusu nyimbo. Kwenye opera ile kuna maimbo ya namna mbili. Kuna ya kuongea-ongea, kinanda kinagonga kidogo chini, hapo ndo hadithi inakwenda, nani kamsaliti nani. Afu hadithi inasimama kabisa, mtu mmoja anabaki anaimba jambo moja tu, hasira au mapenzi au kilio, na akimaliza mara nyingi anaondoka jukwaani apigiwe makofi. Wimbo wenyewe una sehemu ya kwanza, ya pili, kisha ya kwanza inarudi, ila ikirudi mwimbaji anaipamba kwa madoido yake, na watu walikuja kusikia hayo madoido. Wimbo wa filamu ya Kihindi nao una mukhda, ndo kama kiitikio chetu, afu antara, ndo kama beti, kila antara ikiisha wanarudi kwenye mukhda, katikati vyombo vinapiga peke yake. Mwanakwaya yeyote akisikiliza anaelewa hapo hapo hakuna haja ya darasa.

---

KibandaMakambako

Mimi sio msomi ila nina kibanda cha video Makambako mwaka wa kumi na moja huu kwa hiyo picha la Kihindi ni ugali wangu. Mwalimu hapo juu umesema hadithi inasimama wimbo unaanza, sasa mi nikwambie kibandani wimbo ukianza kinatokea nini. Vijana wa bodaboda wanapiga kelele PELEKA MBELEEE, wamama na watoto waliokaa pembeni wanapiga kelele ACHA, mi nipo katikati na rimoti. Zamani enzi za kanda mtafsiri alikuwa anatumia wimbo kwenda kunywa chai, maana mazungumzo yote anayabeba yeye kwa maiki, stelingi na demu wake na mama mzazi na jambazi mtu huyohuyo mmoja, wimbo ukianza ndo anapumua. Nlikuwa na mtafsiri mmoja akirudi anakuta nyimbo imeisha afu hajui nini kimetokea anatunga ya kwake na watu wanafurahi tu.

Swali langu kwa mwalimu, hao wa zamani walielewaje kama Kiitaliano sio chao? Kule London nani alikuwa anawatafsiria?

---

MwalimuSauti_Ipogolo

Swali zuri kaka. Walikuwa wanauza kijitabu cha maneno pale mlangoni. London kilikuwa na Kiitaliano upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Na ukumbini mishumaa ilikuwa inawaka muda wote, hakuna kuzima taa kama siku hizi, kwa hiyo unasoma unaangalia. Kule Venice watu walishika kimshumaa chao mkononi, mpaka leo kuna vijitabu vya zamani vina matone ya nta kwenye kurasa.

Na kibanda chako ni Venice kabisa usijidharau. Mwanzo opera ilikuwa ya waalikwa, lakini 1637 Venice wakafungua ukumbi wa San Cassiano, mtu yeyote akilipa anaingia. Hapo ndo mambo yakabadilika maana sasa mwenye ukumbi anaogopa hasara. Kumbi zikaongezeka zikawa zinashindana msimu wa kanivali, hadithi zikajaa watumishi wachekeshaji na mayaya wa kizee wenye maneno machafu, wafalme na vichekesho humohumo. Pesa nyingi ikawa inaenda kwa waimbaji, mtunzi wa muziki anapata kidogo kuliko mwimbaji mkuu. Watu kwenye vile vibanda vyao vya ghorofani walikuwa wanakula, wanacheza karata, wanapiga umbea, nyimbo ya yule wanayempenda ikianza wananyamaza. Yaani kinyume cha bodaboda wako, wao wangesema peleka mbele MAONGEZI.

---

Mtani_wa_Tukuyu

Mwagonile. Samahani nakuja kumwaga mchanga kwenye pilau.

Hivi kwa nini kila kitu cha watu wengine lazima tukitafutie baba Ulaya? Wahindi wana michezo yao ya kuimba na kucheza tangu zamani za zamani, Ramlila inachezwa vijijini, na pale Lucknow karne ya 19 kulikuwa na mchezo unaitwa Indar Sabha, wimbo mtupu. Ule mchezo ukaja kuwa filamu 1932, una nyimbo kama 70. SABINI. Hiyo ni mwaka mmoja tu baada ya Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilitoka Machi 1931 Bombay na yenyewe ilikuwa na nyimbo saba. Hakuna aliyeenda Venice kuuliza. Hata sisi huku, ukienda kwenye ing'oma siku ya msiba au sherehe hadithi si inaimbwa, kuna mtu anaanzisha wengine wanaitikia na watu wanaruka. Mtaniambia na hiyo ni opera?

Alafu kuna tofauti mmeifukia. Kleopatra wa opera anaimba mwenyewe. Wa Kihindi anatingisha midomo tu, sauti ni ya mtu mwingine yupo studio. Hiyo sio tofauti ndogo, hiyo ni kitu kingine kabisa.

---

binti_wa_Uhindini

Mtani umenichekesha na pilau ila kwenye kuimba kwa midomo umenigusa, ngoja niseme.

Mi nimelelewa Uhindini hapa Mbeya, mama alikuwa anafanya kazi za ndani kwa familia moja, jioni tunaruhusiwa kukaa kwenye kapeti kuangalia. Nilikuwa naamini kila mwanamke wa Kihindi ana sauti ileile akiimba, nikadhani ni mambo ya maji ya kwao. Mwenye nyumba, bibi mzee, ndo akanieleza kwamba huyo ni mtu mmoja, Lata Mangeshkar. Kumbe ndo huyohuyo kaimba kwa ajili ya Madhubala kwenye Mahal ya 1949, na kaimba kwa ajili ya Kajol 1995 kwenye lile picha la Shah Rukh la treni. Miaka 46 sauti ni binti tu! Na yule bibi alikuwa haongelei waigizaji, alikuwa anasema "hii ya Lata, hii ya Rafi", waigizaji kwake walikuwa kama hanga la nguo. Akiwa jikoni tivi inaimba sebuleni anaacha kijiko anasikiliza, haji kuangalia.

Kwa hiyo Mtani mi naona ni kitu kilekile ila kimegawanywa vipande viwili. Watu walifuata sauti. Hao wa zamani sauti na mwili ni mtu mmoja, basi ikabidi wavumilie mwili wowote unaokuja na hiyo sauti, hata jemadari mwenye sauti nyembamba. Wahindi wakasema tuchukue mwili mzuri hapa na sauti nzuri pale tuunganishe. Kama ni fundi ndo kama kola ya shati moja na mikono ya lingine 😂 dada fundi utanielewa.

---

Mtani_wa_Tukuyu

Binti wa Uhindini hapo kwenye vipande viwili nakubali nusu. Nusu tu.

---

MwalimuSauti_Ipogolo

Mtani, ndaga fijo kwa kutukumbusha, na mi sijasema Wahindi waliiga opera. Angalia nilivyosema, undugu. Indar Sabha ni mali yao halali. Ila tusikatae na kingine, katikati ya Indar Sabha na filamu kuna michezo ya Waparsi wa Bombay, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, na hao walichanganya bila haya, hadithi za Kiajemi, za Kihindi, hata za Shakespeare, na jukwaa lao walilichukua kwa Waingereza, lenye fremu mbele, mapazia ya kuchora na mitambo ya kurusha watu hewani. Kampuni hizo zikazunguka India yote na watu wake wengi wakaja kuingia kwenye filamu. Kwa hiyo nyimbo ni za nyumbani, sanduku la kuziwekea lina mbao za kutoka nje.

Na hilo sanduku mbao zake zina historia. Kule Venice miaka ya 1640 kulikuwa na fundi anaitwa Giacomo Torelli, huyo aliweka chini ya jukwaa gogo moja kubwa la kuzungusha, kamba zote za mapazia zimefungwa humo, likizungushwa mandhari yote inabadilika kwa mpigo, ulikuwa msituni uko baharini. Watu walikuwa wanalipa kuona hilo tu. Sasa we unaangalia picha, stelingi anaimba kijijini kwenye alizeti, demu anageuka, shali inapepea, wapo kwenye theluji ya Uswisi, hajavaa nguo za msimu wala hajafa na baridi. Hakuna anayeuliza wamepanda ndege saa ngapi. Mtu wa Venice angekaa hapo kwenye benchi la Makambako asingeuliza pia.

Hata la wanaume kuigiza wanawake lipo pande zote. Filamu ya Phalke ya 1913, Raja Harishchandra, malkia ni mwanaume, alikuwa anafanya kazi ya jikoni hotelini, kwa sababu wanawake walikataa, ilionekana ni aibu. Roma nako wanawake walikatazwa na mapapa kupanda jukwaani, wanawake wakawa wanaigizwa na hao kastrati. Sababu hazifanani sana ila ukikaa ukumbini unachokiona ni kilekile.

---

KibandaMakambako

Mwalimu ukija Makambako njoo kibandani chai bure. Ila mi naona mmesahau kitu kimoja, MANENO. Kibandani kuna watu wanajua maongezi ya Sholay kwa kichwa, yale ya Gabbar anauliza walikuwa watu wangapi, na hawajui Kihindi, wanayajua kama ngonjera. Nasikia waliyauza hata kwenye santuri, maongezi matupu. Sasa kwenye hiyo opera mnasema maongezi ndo watu wanacheza karata. Hapo Mhindi kamshinda Mwitaliano.

---

MwalimuSauti_Ipogolo

Hapo umenifunga goli kaka. Ni kweli zile santuri za maongezi ya Sholay ziliuzwa sana. Ingawa na Waitaliano walikuwa na mwandishi wao anaitwa Metastasio, maneno yake yalipendwa hivi kwamba hadithi yake moja, Artaserse ya 1730, ikaja kuwekewa muziki na watunzi makumi kadhaa tofauti. Mtu anaenda kuangalia hadithi anayoijua mpaka nukta, kilichobadilika ni nyimbo. Ila kuuza maongezi matupu bila muziki, hapana, hapo ni Wahindi.

---

mpiga_debe_kabwe

mmeandika sana mpaka daladala imefika Uyole. swali, kwenye opera kuna kugombana mvua inanyesha??

---

binti_wa_Uhindini

@mpiga_debe_kabwe mashabiki ndo waligombana. Nilisoma kwamba London 1727 kulikuwa na waimbaji wawili wa kike, Cuzzoni na Faustina, wapo jukwaa moja, mashabiki wa huyu wanazomea wa yule, wakafikia kupiga mbinja na kelele mbele ya mtu wa familia ya kifalme mpaka shoo ikavunjika. Cuzzoni ndo yule Kleopatra wa kwanza wa dada fundi. Simba na Yanga haikuanza juzi.

---

FundiMwanjelwa

Jamani asanteni, nimesoma zote leo asubuhi kabla sijafungua, mikono imeganda siwezi hata kutia uzi. Nimemsomea mama. Hayo ya harusi ya huyo Maria kubadilisha hadithi ili bibi arusi asife kayapenda, kasema hata yeye harusini hawezi kukubali wimbo wa kuachana, na kweli kuna siku alimfuata MC.

Mtani nimekuelewa na mimi sina haja ya baba wa Ulaya, ila kilichonishangaza ni kwamba mama alikuwa haelewi lugha, haelewi mwaka, haelewi hata kwamba ni London, na bado alikuwa anajua kinachokuja. Huyo mke wa Pompey alipoachwa analia na mwanae kabla hawajatenganishwa na walinzi, wanaimba wote wawili taratibu sauti zinapishana, mama aliacha pindo kabisa. Sindano ipo hewani. Sijawahi kumwona anaacha pindo tangu 1998 enzi za deki.

Kaka wa Makambako, nimeona inbox unaitaka hiyo flashi uionyeshe kibandani. Mwalimu wa kwaya kashaichukua, ila nilinakili kwenye kompyuta ya jirani wa stesheneri. Njoo na flashi yako, isiwe ndogo, lile faili lina GB 3 na kitu, na uje kabla ya Ijumaa maana jirani anafuta futa vitu. Na mtafutie mtafsiri mwenye mapafu.